Haidrojeni Kwenye Injini za Dizeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Unguja na Pemba

Maswali haya yametoka kwa wenye boti, madereva wa gari za shamba, mafundi wa jenereta za hoteli, wanafunzi na wazazi wao. Naandika nikiwa fundi wa dizeli, wa nchi kavu na wa baharini, na siuzi kifaa chochote. Pale ambapo fedha au roho ya mtu imo ndani ya swali nimejibu kwa kirefu. Kwengine nimepita haraka.

Haidrojeni inaingiaje kwenye injini ya dizeli? Kwani dizeli haitumiki tena?

Inatumika, na lazima itumike. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni inabana hewa mpaka inapata joto kali, dizeli inapulizwa na nozeli, inawaka yenyewe. Dizeli hujiwakia kwenye joto la nyuzi 210 za Selsiasi au zaidi kidogo. Haidrojeni inataka karibu nyuzi 585. Ukiiingiza peke yake kwenye injini ya kawaida, itabanwa na kutoka bila kuwaka, au itawaka wakati usiotakiwa.

Kwa hiyo kinachofanyika ni kuziunganisha mbili. Haidrojeni huingia ama pamoja na hewa kupitia njia ya kuvutia hewa, ama kwa kupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Kisha dizeli kidogo inapulizwa, inawaka, na moto wake unaiwasha haidrojeni. Dizeli inabaki na kazi ya kiberiti, na nguvu kubwa inatoka kwenye haidrojeni. Mafundi huziita injini za mafuta mawili. Haidrojeni ikikatika, injini inarudi kwenye dizeli tupu na safari inaendelea. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu aliyeko katikati ya mkondo wa Pemba usiku.

Na kweli inapunguza moshi?

Kweli, kwa sababu iliyo wazi: haidrojeni haina kaboni. Ikiungua inatoa mvuke wa maji. Masizi, kaboni monoksaidi na hewa ukaa vyote vinatokana na kaboni iliyomo kwenye mafuta. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, na hakuna chujio la bomba la moshi linalobadilisha hesabu hiyo. Ukitaka hewa ukaa ipungue, lazima dizeli inayoungua ipungue.

Kuna faida ya pili. Moto wa haidrojeni husambaa haraka mno, mara kadhaa kuliko wa mafuta mengine, kwa hivyo husaidia na dizeli iliyopo kuungua vizuri zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walitangaza mfumo waliouweka kwenye injini ya dizeli iliyopo, ukaendeshwa kwa haidrojeni asilimia 90, na hewa ukaa ikashuka kwa zaidi ya asilimia 85. Siri yao ilikuwa ni kuipuliza haidrojeni moja kwa moja ndani ya silinda na kuchagua wakati hasa wa kuipuliza.

Angalieni lakini ile asilimia 90. Sehemu tisa kati ya kumi za nishati zilitoka nje ya dizeli. Majibu mengi yaliyobaki yanategemea hapo: haidrojeni ni kiasi gani, na imetoka wapi?

Kile kichupa cha maji kinachouzwa mtandaoni, kinachounganishwa na betri ya gari, kinafanya kazi?

Hapana, na naomba mwenye gari asome hesabu hii kabla hajatoa pesa.

Kifaa hicho ni chombo chenye maji yaliyotiwa magadi au potashi, na vipande vya chuma cha stenlesi ndani yake. Umeme wa gari unapita, maji yanapasuka kuwa haidrojeni na oksijeni, mapovu yanapanda kwenye kipira na kuingia njia ya hewa ya injini. Mapovu ni ya kweli, na ndiyo yanayowashawishi watu.

Tuchukulie kifaa chenye seli sita, kinachovuta ampia 20 kwenye volti 12. Kwa kanuni za kemia ambazo hazibadiliki, kitatoa karibu lita 50 za haidrojeni kwa saa. Zinasikika nyingi. Lakini haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote, na kuipata nishati iliyomo kwenye lita moja ya dizeli unahitaji lita 3,300 za haidrojeni isiyobanwa. Zile lita 50 ni sawa na mililita 15 za dizeli. Kijiko kimoja cha mezani, kwa saa nzima. Jenereta ya kilowati 100 inayofanya kazi kwa nguvu zote inakula lita 26 hivi kwa saa hiyohiyo.

Sasa upande wa gharama. Umeme ule wa wati 240 umetoka kwenye altaneta, altaneta inazungushwa na injini, na injini inakula dizeli. Altaneta inapoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa, na injini yenyewe inapoteza theluthi mbili ya nishati ya mafuta kama joto. Ukifuata mnyororo huo mpaka kwenye tangi, umeunguza kiasi cha mililita 140 za dizeli ili upate haidrojeni ya mililita 15. Umetoa vijiko tisa, umerudishiwa kimoja.

Wauzaji hujibu kwamba haidrojeni ile haihesabiwi kama mafuta, bali ni kichocheo cha kuifanya dizeli iungue vizuri. Injini ya dizeli yenye nozeli nzima na hewa ya kutosha tayari inaunguza karibu mafuta yote inayopewa. Kilichobaki bila kuungua ni kidogo sana, na hakitoshi kuzaa ile akiba ya robo au theluthi inayotangazwa.

Lakini namjua mtu kafunga, gari limepata nguvu na moshi umekwisha.

Nimeyasikia haya mara nyingi, na wanaosema si waongo. Tuangalie siku ile ya kufunga kulifanyika nini. Chujio la hewa lilitolewa ili kipira kiungwe, likapigwa upepo au likabadilishwa. Pampu ya dizeli ikaguswa, mafuta yakapunguzwa kidogo. Pengine nozeli zilisafishwa hapohapo. Na dereva aliyetumia pesa yake anaendesha taratibu wiki nzima akiangalia geji. Kila moja katika hayo peke yake inapunguza moshi mweusi.

Anayetaka kujua ukweli afanye jaribio la haki. Chukua gari ileile, barabara ileile, mzigo uleule. Tuseme Chake Chake hadi Mkoani, maana vilima vya njia ile havimfichi mtu. Jaza tangi mpaka shingoni kabla na baada. Safari nyingine kifaa kiwe kimewashwa, nyingine kimezimwa, na dereva asijue ni ipi. Utingo ndiye ashike swichi. Rudia mara nyingi, maana safari moja haisemi kitu: abiria wanapanda na kushuka, mvua inanyesha, mtu anasimama kupakia magunia. Ukilinganisha lita za pande zote mbili utapata jibu lako mwenyewe bila kumtegemea muuzaji wala mimi.

Haidrojeni haina ubaya wake?

Unao, nao haupaswi kufichwa. Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa zaidi ya robo tatu. Ndani ya silinda, joto likipanda sana, nitrojeni hiyo inaungana na oksijeni na kuwa oksidi za nitrojeni, gesi zinazowasha mapafu na kuwasumbua hasa wenye pumu. Haidrojeni inawaka kwa moto mkali, kwa hivyo injini ikifanya kazi nzito, oksidi hizi zinaweza kuongezeka hata kama bomba halitoi moshi wa kuonekana. Macho yanasema pamesafika, mapafu yanasema sivyo.

Dawa zipo: kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kupooza moto, kupulizia maji, kubadilisha wakati wa kupuliza mafuta, au kuweka kifaa cha kusafisha kwenye bomba. Zote zinataka mitambo ya kielektroniki inayosoma injini muda wote. Mtu anayekwambia atakufungia haidrojeni bila kutaja oksidi za nitrojeni hajamaliza masomo yake.

Injini ikiwa na kazi nyepesi tatizo ni jengine: haidrojeni iliyochanganyika na hewa nyingi haiungui yote, nyingine inatoka na moshi. Nayo ikivuja angani huchangia joto la dunia kwa njia ya mzunguko, kwa kuichelewesha methani, gesi nyingine inayoongeza joto hilo, kuondoka hewani.

Kwa nini tujali moshi wa dizeli? Si tumeishi nao miaka yote?

Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, pamoja na vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binaadamu. Kabla ya hapo ulikuwa kwenye kundi la vitu vinavyoshukiwa.

Simama bandari ya Malindi, Unguja, wakati boti kubwa inajigeuza kufunga gati. Injini zinakoromeshwa, wingu linashuka juu ya wachukuzi waliokwisha panga mikokoteni yao, na wao hawana pa kukimbilia kwa sababu riziki yao ni kuwa wa mwanzo kwenye ngazi. Abiria anauvuta moshi ule dakika kumi akaenda zake. Mchukuzi anauvuta kila chombo kinapoingia, mwaka hadi mwaka. Mimi nikizungumzia moshi nawafikiria wao kwanza, na watoto wa skuli wanaosubiri gari kando ya barabara ya Mwanakwerekwe.

Hoteli yetu ina jenereta kubwa. Tukiweka haidrojeni tutaokoa dizeli?

Hapa hesabu inafaa kuliko maneno. Hoteli nyingi za Unguja zilinunua jenereta baada ya kisiwa kukaa gizani karibu miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipopata hitilafu. Mwaka 2013 waya wa pili wa megawati 100 uliwashwa, lakini jenereta zimebaki nyuma ya jikoni na zinawashwa kila umeme unapokatika.

Chukua jenereta yako ya kilowati 100 inayokula lita 26 kwa saa. Unataka nusu ya nishati itoke kwenye haidrojeni, uokoe lita 13. Utahitaji karibu kilo 3.9 za haidrojeni kwa saa. Mtungi wa chuma wa lita 50, uliobanwa kwa shinikizo la baa 200, una haidrojeni isiyofika hata kilo moja. Ni robo tatu ya kilo tu, na mtungi wenyewe una uzito wa mtu mzima. Kwa hivyo ni mitungi mitano na ushei kila saa. Umeme ukikatika saa nane, mitungi zaidi ya 40.

Utaitengeneza mwenyewe kwa sola? Kilo moja ya haidrojeni inataka yuniti 55 hivi za umeme kwenye mitambo ya leo. Kilo 3.9 ni yuniti 215. Na zile lita 13 za dizeli ulizookoa zingekupa yuniti 50 tu. Yaani una yuniti 215 mkononi kutoka juani, unazitumia kuokoa 50. Mwenye hoteli akiniuliza mimi, namwambia sola yake aipeleke kwenye betri, na betri iendeshe mafriji na taa. Jenereta itawaka saa chache, na hiyo ndiyo akiba.

Haidrojeni kwenye jenereta ina maana pale tu ambapo umeme wa jua au upepo unazalishwa mwingi kuliko unaotumika, na betri zimeshajaa.

Na boti na meli?

Hapa ndipo penye matumaini ya kweli, kwa sababu betri ni nzito na safari ni ndefu. Kampuni ya CMB ya Ubelgiji ilizindua mwaka 2017 boti ndogo ya abiria 16, Hydroville, yenye injini za dizeli zinazochanganya haidrojeni. Mwaka 2021 boti ya aina hiyo ya abiria 80, HydroBingo, ilianza kazi Japani. Disemba 2023 bandari ya Antwerp ikapata tagi (boti ya kuvuta meli), Hydrotug, yenye injini mbili kubwa za mafuta mawili na mitungi ya kubeba kilo 415 za haidrojeni juu ya sitaha.

Kilo 415 zinasikika kama mzigo mkubwa, na kweli zimechukua sehemu kubwa ya sitaha, lakini kwa nishati ni sawa na lita 1,400 hivi za dizeli. Tuchukulie boti ya mwendo kasi yenye injini za jumla ya kilowati 5,000, ikienda kwa nguvu zote. Inakula lita 1,200 kwa saa au zaidi. Haidrojeni yote ya tagi ile ingemaliza saa moja na kidogo, na kutoka Dar es Salaam hadi Malindi ni karibu saa mbili. Tagi inafaa kwa sababu inafanya kazi bandarini na kurudi pale pale penye pampu.

Ndiyo maana naona kwetu chombo cha mwanzo kisiwe boti ya mwendo kasi. Kingefaa chombo cha bandari, au cha safari fupi inayorudi gati moja kila siku, ambacho kinaweza kujazwa hapo hapo na kukaguliwa kila jioni.

Norway imekwenda njia nyingine. Kivuko chao, MF Hydra, kilichoanza kutumia haidrojeni mwaka 2023, hakiunguzi chochote: haidrojeni ya kimiminika iliyopoozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri inabadilishwa kuwa umeme. Ni kazi nzuri. Lakini haidrojeni hiyo ilikuwa ikiletwa kwa malori kutoka Ujerumani. Nchi tajiri, yenye umeme wa maji usiokwisha, ilinunua kivuko kabla haijapata mafuta yake nyumbani. Sisi tukianza, tuanze na kiwanda, chombo kifuate.

Haidrojeni yenyewe itatoka wapi?

Sehemu kubwa ya haidrojeni inayotengenezwa duniani leo inatoka kwenye gesi asilia, na kila kilo moja inaacha nyuma kilo tisa au kumi za hewa ukaa. Ukiileta hiyo kisiwani, ukaichoma kwenye boti na kusema umesafisha hewa, umeuhamisha moshi tu. Umeutoa Malindi ukaupeleka kwenye kiwanda cha watu wengine.

Iliyo safi inapasuliwa kwenye maji kwa umeme wa jua, upepo au maporomoko. Umeme wetu unakuja kwa waya kutoka Bara: Unguja kupitia Fumba, na Pemba kutoka Tanga tangu 2010, ulipomaliza enzi ya jenereta za dizeli za Wesha. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kutoa umeme mwaka 2024, kwa hivyo umeme wa gridi una maji mengi ndani yake kuliko zamani. Lakini waya wa Pemba ni wa megawati 20. Uwezo huo wote una wenyewe: majumba, hospitali, pampu za maji. Kuuchukua kutengenezea haidrojeni ni kuwanyima. Kwa Pemba, haidrojeni itabidi ije na sola yake mpya au isije.

Bahari imetuzunguka. Si tupasue maji ya chumvi?

Maji ya chumvi ukiyapitishia umeme kwenye kifaa cha kawaida, upande mmoja unatoa klorini, gesi ya sumu, na vyuma vinaliwa upesi. Lazima yasafishwe kwanza mpaka yawe kama maji ya betri. Kilo moja ya haidrojeni inataka lita tisa za maji hayo kwa uchache. Si mengi ukilinganisha na hoteli moja ya pwani, na gharama ya kuyasafisha ni ndogo mbele ya gharama ya umeme.

Haidrojeni hailipuki?

Inalipuka. Inashika moto ikiwa hewani kwa kiasi chochote kati ya asilimia 4 na 75, upana ambao hakuna gesi ya jikoni inayoukaribia, na cheche ya nguo kavu inatosha kuiwasha. Moto wake mchana hauonekani. Mtu anaweza kuuingilia mkono kabla hajajua.

Ina tabia moja inayosaidia: ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, inapaa upesi. Gesi ya jikoni ikivuja inalala chini, sakafuni na mitaroni. Haidrojeni inakwenda juu. Uwanjani hiyo ni salama yake. Ndani ya chumba cha injini, chini ya sitaha iliyofungwa, hiyo ndiyo hatari yake, maana inakusanyika darini palepale penye nyaya na taa. Kwa hivyo mitungi hukaa nje, mabomba yanayopita ndani huwa ya kuta mbili, vipima gesi vinafungwa juu, na feni ya kutoa hewa haizimwi. Chombo kisicho na vitu hivyo kisiruhusiwe kubeba abiria hata siku moja.

Injini yangu ni ya zamani. Inaweza kubadilishwa?

Kwa haidrojeni ya kweli, yenye mitungi na mitambo ya kuipima, injini ya zamani yenye pampu ya dizeli isiyo ya kielektroniki si mahali pa kuanzia. Haidrojeni pia hudhoofisha baadhi ya vyuma vikapata nyufa, kwa hivyo mabomba na vali havitoki dukani Darajani tu. Injini iliyochoka inayopitisha oili inaongeza hatari, kwa sababu tone la oili lenye moto linaweza kuiwasha haidrojeni kabla ya wakati wake.

Daladala: haidrojeni au umeme?

Umeme wa betri. Yuniti 55 zikipitia haidrojeni na injini, zinazofika kwenye kazi ni 13 hivi. Zikipitia betri na mota zinafika zaidi ya 40. Njia za Unguja ni fupi, na gari hulala nyumbani usiku.

Basi leo hii nifanye nini moshi wangu upungue?

Soma rangi ya moshi. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba vumbi, nozeli zinatema badala ya kupuliza, turbo imechoka, au pampu imefunguliwa kupita kiasi ili gari lipande kilima na mzigo wa ziada. Wa bluu ni oili inaungua: ringi au mipira ya vali. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyowaka, au maji yanaingia mahali pasipo pake.

Anza na cha bei rahisi. Chujio la hewa. Halafu chujio la dizeli, na kile kikombe cha kutenga maji. Nimefungua vikombe kwenye boti za uvuvi nikakuta maji ya chumvi yamekaa chini, safi kabisa, na juu yake dizeli imetengana kwa mstari ulionyooka. Juu ya mstari ule umeelea utando mweusi wenye kuteleza, uchafu wa vijidudu vinavyoota pale maji na mafuta yanapokutana. Mafuta yametoka kwenye pipa lililokaa ufukweni bila kifuniko. Nozeli inayopokea mchanganyiko huo haimalizi msimu. Pipa lifunikwe, litegwe upande mmoja, na mpira wa kunyonya usifike chini.

Nozeli zipelekwe kupimwa kwenye mashine ya kupimia, zisikisiwe kwa macho. Ndipo fundi aguse pampu, si kabla.

Kwa boti, pandisha chombo ukwangue. Chaza na majani chini ya maji vinaifanya injini ifanye kazi ya ziada safari nzima, na moshi unaoonekana nyuma ni wa uzito huo. Angalia na panga (rafadha) kama haikupinda.

Kwa jenereta, usinunue kubwa kuliko haja. Jenereta inayoendeshwa chini ya theluthi ya uwezo wake haipati moto wa kutosha, inatapika mafuta mabichi kwenye bomba na kuganda masizi. Nimeona hoteli yenye jenereta ya kuendesha mtaa mzima inayowashia taa za bustani. Ndogo mbili ni bora kuliko kubwa moja.

Na nunua dizeli kituoni, usinunue ya vidumu njiani. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Hatua ile ilipunguza masizi na tindikali kwenye kila bomba bila mwenye gari kufunga kitu chochote.

Wanafunzi wanaweza kufanya majaribio ya haidrojeni skuli?

Wanaweza, na ningependa wafanye. Betri ndogo ya volti 9, penseli mbili zilizochongwa pande zote, glasi ya maji yenye chembe ya magadi, na mirija miwili ya majaribio iliyopinduliwa. Wataona upande mmoja gesi ni mara mbili ya mwengine. Mwalimu awepo, gesi iwe ya mrija mmoja tu, dirisha wazi, na isiunganishwe na injini. Wasitumie chumvi ya kupikia, kwa ajili ya ile klorini.

Nimeshafunga kichupa kwenye gari. Nikitoe vipi?

Zima injini na uiache ipoe. Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza. Usivute sigara, na boneti ikae wazi muda kabla hujagusa kipira, maana ndani yake mna haidrojeni na oksijeni pamoja, mchanganyiko ulio tayari kuwaka.

Vaa glavu za mpira na miwani. Potashi kali ni jamaa ya kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Inachoma ngozi na inaweza kumpofua mtu. Yakiwa maji yamegeuka kahawia, rangi hiyo imetokana na vyuma vilivyoliwa, na huenda ina kromiamu yenye sumu. Usiyamwage kisimani, mtaroni wala baharini. Yatie kwenye dumu la plastiki lenye kifuniko, liandike, uliweke mbali na watoto, na uwaulize watu wa mazingira wa wilaya pa kulipeleka.

Ziba tundu la kipira kwenye njia ya hewa kwa kizibo kinachobana, la sivyo injini itavuta vumbi lisilopita kwenye chujio. Kisha fungua mpira wa hewa karibu na turbo uutazame ndani. Ukikuta unga mweupe umeshika kwenye alumini, povu la potashi limekuwa likiingia na injini. Mwambie fundi akague turbo na vichwa vya silinda kabla hujaiwasha tena. Mwisho, kama pampu ilipunguzwa siku ya kufunga, irudishwe kwenye kipimo cha kiwanda kwa mashine.